Tulikuwa Tunawaonya

Simu ya Balozi, mwanadiplomasia wetu mstaafu, ilinikuta Dar es Salaam nikianika nguo. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza kama bado naijua vizuri ile lugha niliyokwenda kuisomea ujanani kwenye nchi ya theluji. Nikamjibu kwamba naijua, maana ndiyo inayonilisha. Akasema kuna kikao cha siku tano, watu wachache, mataifa mawili makubwa ambayo hata salamu hazipiti kati yao, na kwamba yeye ndiye mwenyekiti na amemtaka mkalimani mmoja tu. Nikauliza kama ni Ulaya au Uarabuni, ili nijue nipange nguo gani. Akacheka.

"Ni Lushoto, mwanangu. Kwenu."

Nilizaliwa Gare, kwenye vilima vya Usambara, nyumba ya tatu kutoka kanisani, kwa wazazi waliolima maharage, kabichi na viazi. Nilisoma kwa bidii, nikapata nafasi ya masomo ng'ambo, nikarudi na lugha ambayo hakuna mtu kijijini aliyekuwa na haja nayo. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nikipanda ndege kwenda kukaa nyuma ya viti vya wakubwa, nikisema kwa Kiingereza yaliyosemwa kwa lugha ile, na kwa lugha ile yaliyosemwa kwa Kiingereza. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba siku moja wakubwa hao wangepandishwa mlimani kwetu.

Balozi alinieleza sababu tulipokutana Mombo, pale chini ambapo magari ya Moshi na Arusha yanapita na ya kwetu yanakata kona kuanza kupanda. Kila upande ulikataa mji wa mwenzake, ukakataa pia mji wa rafiki wa mwenzake. Tanzania haikuwa na ugomvi na yeyote. Na Lushoto ina barabara moja ya kupanda, baridi ya kutosha, na hakuna mwandishi wa habari atakayekwenda huko kuwatafuta.

Nilitia saini karatasi ya kutunza siri. Kwa hiyo nchi hizo sitazitaja, wala watu wake. Wale wawili waliokuwa viongozi wa pande hizo niliwaandikia baadaye kuomba ruhusa, nao wakanijibu, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba naweza kuyaandika haya mradi nisiwataje. Basi nitamwita mmoja Profesa na mwingine Kanali.

Profesa alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, ambaye zamani alifanya kazi katika idara ya usalama ya nchi yake na sasa anafundisha chuo kikuu. Aliandika kwa penseli tu. Kanali alikuwa mpelelezi mstaafu wa upande wa pili, mfupi, mpana wa mabega, mwenye fulana ya sufu isiyo na mikono ambayo hakuivua siku zote tano. Kila mmoja alikuja na wasaidizi wawili. Wote walikuwa wastaafu au wasomi, hakuna aliyekuwa na cheo serikalini, lakini kila mtu chumbani alijua kwamba kitakachoandikwa kitafika mezani kwa wenye vyeo.

Jambo lililowaleta lilikuwa hili. Mwaka mmoja kabla, bomu lililipuka kwenye kituo cha treni katika mji mmoja wa nchi ya Profesa, asubuhi, watu wakienda kazini. Baadaye zikaanza fununu kwamba wapelelezi wa upande wa Kanali walikuwa wamesikia jambo kabla, na kwamba walichosikia hakikufika. Magazeti ya kwa Profesa yakasema wale wamefurahia vifo vyetu. Ya kwa Kanali yakasema hawa wanatusingizia. Mabalozi walifukuzwa pande zote. Kazi ya kikao chetu ilikuwa kuandika kurasa mbili tu za mapendekezo: mataifa mawili yanayochukiana yanawezaje kupeana taarifa pale magaidi wanapopanga kuua watu wa mmojawao?

Tulikaa kwenye nyumba ya wageni ya zamani, juu ya njia ya kwenda Gare, yenye ukumbi wa mbao na meko kubwa. Ulikuwa mwezi wa saba. Ukungu ulikuwa unaingia hadi mlangoni asubuhi, na wasaidizi wa Profesa, waliokuwa wamebeba nguo za Afrika waliyoifikiria wao, iliwabidi washuke sokoni Lushoto kununua masweta ya mtumba. Kanali alisema ndiyo mara ya kwanza anajisikia nyumbani akiwa safarini.

Siku ya kwanza iliishia kwenye neno moja. Balozi aliwaomba waanze kwa kukubaliana gaidi ni nani. Nadhani alijua hawataweza, ila alitaka walitoe jambo hilo kifuani mapema. Kanali alisoma orodha ya majina. Profesa akajibu kwamba nusu ya watu hao ni wapinzani wa kisiasa waliokimbia kuokoa maisha yao, na kwamba hatakaa kikao cha kusaidia kuwarudisha. Kisha akasoma orodha yake. Kanali akasema nusu ya hao ni wapiganaji halali wa nchi rafiki. Niliyasema yote hayo, neno kwa neno, kwa sauti isiyo na upande. Mkalimani hasemi "Profesa anasema." Anasema "mimi." Mchana kutwa nilikuwa nikisema "mimi sikubali" kwa lugha moja na "mimi sikubali" kwa lugha nyingine, mpaka koo likakauka.

Siku ya pili Balozi aliliweka neno gaidi kando. Aliwauliza tu wanaogopa nini. Hapo mambo yakaanza kuwa ya maana, na mimi nilijifunza mengi ambayo sikuwahi kuyajua kwa miaka yangu yote ya kuwasemea watu wa namna hii. Anayetoa onyo anaogopa kwamba mwenzake, akilisoma kwa makini, atagundua limetoka wapi: kama ni simu iliyosikilizwa, au mtu aliyepandikizwa ndani ya kundi, na mtu huyo atauawa. Anayepokea onyo anaogopa kwamba ni hila ya kumfanya ahangaike na jambo la uongo, au ya kumfanya akamate watu ambao mwenzake anawachukia. Na wote wawili wanawaogopa wanasiasa wao, ambao wakisikia kuna mawasiliano na adui watasema ni usaliti. Balozi aliyaandika ubaoni kwa chaki. Nilipomtazama Kanali alikuwa anatikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu anayesomewa ugonjwa anaoujua.

Siku ya tatu ndiyo siku yangu.

Mazungumzo yalifika kwenye kile kituo cha treni. Hakuna aliyetaka kufika hapo, lakini huwezi kuongelea onyo bila kuongelea onyo ambalo halikufika. Profesa aliuliza kwa utulivu, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi yake, kama upande wa pili ulijua. Kanali alisogeza kikombe chake pembeni. Kisha akasema sentensi fupi, kwa sauti ya chini, akiwa ameinamisha kichwa.

Mimi nikaisema kwa Kiingereza: "Tuliwaonya."

Profesa aliweka penseli mezani. Wasaidizi wake wakatazamana. Alisema kwamba ameyapitia mafaili yote ya wiki ile yeye mwenyewe, kwamba hakuna onyo lililofika, na kwamba hakusafiri mpaka milima ya Afrika kuja kudanganywa usoni kuhusu wafu wa nchi yake. Nikalisema hilo kwa lugha ya Kanali. Kanali alinyanyua uso, akawa mwekundu, akasema kama neno lake ni uongo basi hana la kufanya hapa. Viti vikasogezwa. Ndani ya dakika moja ukumbi ulikuwa mtupu, na dirishani nilimwona msaidizi wa Profesa akimuuliza dereva itachukua muda gani kushuka Mombo.

Balozi alibaki amekaa. Aliniambia nikapumzike, kwamba si kosa la mtu, watu hawa wameumizana sana.

Nilikaa chumbani na daftari langu. Mkalimani wa kufuatana, anayesubiri msemaji amalize ndipo aseme, haandiki maneno, anaandika alama: mstari, mshale, herufi moja. Nilikuwa natafuta tu kama nimeacha kitu. Nikafika kwenye sentensi ya Kanali. Pembeni ya alama ya onyo nilikuwa nimechora kimstari kidogo cha mawimbi, ambacho kwangu mimi maana yake ni tendo ambalo halijaisha.

Lugha ile inabeba jambo hilo ndani ya kitenzi chenyewe. Ukibadilisha kipande kidogo cha neno, tendo lililotimia linakuwa tendo lililokuwa njiani. Sikio langu lilisikia sawasawa, mkono wangu ukaandika sawasawa, na mdomo, kwa uchovu au kwa haraka, ukaangusha kipande hicho. Kanali hakusema "tuliwaonya." Alisema "tulikuwa tunawaonya."

Kwa miaka ile yote sikuwa nimekosea hivyo, au kama nilikosea hakuna aliyejua. Na hapa pia hakuna ambaye angejua. Kanali alielewa Kiingereza cha hotelini tu. Wasaidizi wake walikijua zaidi, lakini tofauti ile ni ndogo na hasira ilikuwa kubwa, haikumgusa yeyote. Nikinyamaza, wangeshuka Mombo, kikao kingeandikwa kuwa kimeshindikana, na mimi ningerudi Dar es Salaam na jina langu safi. Nikisema, ndiyo ungekuwa mwisho wa kazi yangu. Mkalimani anauza kitu kimoja tu, nacho ni kuaminiwa.

Nilivaa viatu nikatoka. Sikupanga kwenda kokote, lakini miguu ilinipeleka Gare kwa njia ya mkato, mwendo wa saa nzima, katikati ya mashamba ya kabichi yenye matone ya ukungu. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anapukuchua maharage kwenye mkeka. Ana miaka themanini na zaidi na bado hataki mtu amsaidie kazi hiyo. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza kwa Kishambaa mbona nimekuja katikati ya siku ya kazi.

Sikuweza kumweleza mambo ya kikao. Nilimwambia tu kwamba kuna watu wawili wanaozungumza kupitia kwangu, na kwamba neno la mmoja nimelifikisha likiwa pungufu, na sasa wamegombana na wanataka kuondoka.

Mama aliendelea kupukuchua. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hakuna mwingine wa kuwaambia," alisema. "Nenda kabla hawajaondoka. Utakula jioni."

Sikukaa hata dakika kumi. Nilipanda kile kilima kama msichana wa shule aliyechelewa, nikaingia getini nikihema na matope hadi magotini. Magari mawili yalikuwa yamewashwa. Mabegi ya Profesa yalikuwa tayari kwenye buti.

Nilimkuta Balozi barazani. Nilimwambia kosa langu lote kwa kifupi. Hakunikemea. Aliuliza kama nina uhakika, nikamwonyesha daftari. Akashika fimbo yake akaenda kwenye gari la Profesa, akamwomba dakika kumi, na mzee wa umri ule akikuomba dakika kumi akiwa amesimama kwenye baridi ni vigumu kukataa. Kanali alitoka chumbani kwake bila kuulizwa. Nadhani aliona nyuso zetu.

Walikaa ukumbini, makoti mwilini, kila mmoja mwisho wake wa meza. Mimi sikukaa kwenye kiti changu cha nyuma. Nilisimama mbele.

Nikaanza kwa Kiingereza: "Mimi nimekosea."

Profesa alimgeukia Kanali moja kwa moja. Kwa siku tatu "mimi" kutoka mdomoni mwangu ilikuwa Kanali, naye akadhani ni Kanali anayekiri. Nikasema tena, kwa lugha ya Kanali, "Mimi nimekosea," na Kanali naye akamtazama Profesa kwa mshangao. Ilinibidi niweke mkono kifuani.

"Mimi, mkalimani," nikasema, na kurudia kwa lugha zote mbili. "Kanali hakusema waliwaonya. Alisema walikuwa wanawaonya. Neno lake lilikuwa sahihi, na mimi nimelivunja. Naomba radhi kwenu wote. Mkitaka mtu mwingine nitaelewa."

Kuni zilikuwa zinalia mekoni. Profesa aliliomba daftari langu, akakiangalia kile kimstari cha mawimbi, akauliza maana yake, nikamweleza. Kisha akamuuliza Kanali, polepole, swali ambalo tangu asubuhi lilikosa kuulizwa.

"Mlikuwa mnatuonya. Lilifika wapi?"

Kanali alivua miwani. Alieleza, na mimi nikamfuata neno baada ya neno, safari hii kwa uangalifu ambao sijawahi kuwa nao. Alisema taarifa ilipatikana. Iliandikwa. Kwa utaratibu wao ilihitaji saini tatu kabla ya kwenda kwa taifa lisilo rafiki. Saini ya kwanza ilipatikana siku hiyohiyo. Ya pili ilikuwa yake. Alikuwa ameiweka karatasi pembeni akisubiri kujua wakubwa wa kisiasa wana hali gani siku hizo, maana uhusiano ulikuwa mbaya na hakutaka kuonekana mwepesi.

"Siku bomu linalipuka," alisema, "karatasi ilikuwa mezani kwangu."

Alisema hajawahi kumwambia mtu, hata mke wake.

Nilisema maneno hayo kwa Kiingereza na sauti yangu ikatetemeka, jambo ambalo haliruhusiwi, lakini hakuna aliyenikemea. Profesa aliinuka, akaenda kusimama karibu na moto. Nilidhani anaondoka. Aliporudi alikaa kiti cha jirani na Kanali. Akasema kwamba hata kama karatasi ile ingefika, hajui kama ingesaidia. Miaka ya nyuma, akiwa bado kazini, liliwahi kufika onyo kutoka upande huo kuhusu jambo jingine, na yeye mwenyewe aliandika juu yake kwamba ni hila, lisishughulikiwe. Kwa bahati tu jambo lenyewe halikutokea. "Ungelituma," alimwambia Kanali, "na mimi ningelitupa."

Balozi alikwenda nje akawaambia madereva wazime magari.

Tangu hapo kazi ilikwenda kama maji yanayoshuka. Sijawahi kuona, na nimekaa kwenye vikao vingi, watu wakifanya kazi namna ile. Sasa walijua karatasi ilikwama wapi, kila mmoja kwa mkono wake, na walichotakiwa kufanya ni kuziondoa sehemu hizo moja moja. Onyo linalohusu uhai wa watu lisihitaji saini ya mwanasiasa. Liondoke kwenye ofisi ya zamu ya upande mmoja, ile yenye mtu usiku na mchana, liende moja kwa moja kwenye ofisi ya zamu ya upande wa pili. Liseme nini, wapi na lini, na lisiulizwe limetoka kwa nani. Anayepokea ajibu ndani ya siku moja kwamba amelipata, hata kama halisadiki. Lisitumike kamwe kama hoja ya kudai mtu arudishwe, ili mpokeaji asiogope kwamba anatumiwa kukamata wapinzani wa mwenzake. Na njia hiyo ibaki wazi hata balozi zikifungwa, hata vikwazo vikiwekwa, kwa sababu ni siku kama hizo ndipo inapohitajika zaidi.

Kuhusu gaidi ni nani, waliandika sentensi moja ambayo Profesa aliipenda sana: kwamba pande hizi mbili hazikubaliani, na kwamba si lazima zikubaliane ili mtu anayesubiri treni abaki hai. Kanali aliniuliza mara tatu nimeitafsiri vipi, akaikubali.

Siku ya nne asubuhi Balozi alivua kofia ya mwenyekiti. Alisema anaomba kuzungumza kama Mtanzania. Wakubwa wakigombana, alisema, mabomu ya ugomvi wao hayaanguki kwao peke yao. Yanaanguka kwenye miji yetu, mbele ya mageti ya majengo yao, na wanaokufa ni mlinzi wa getini na mama anayeuza maandazi ng'ambo ya barabara. Akauliza kama onyo litakuwa la wao kwa wao tu. Kama Profesa akisikia kwamba jengo la Kanali litashambuliwa katika mji wa nchi ya tatu, nani ataiambia nchi hiyo?

Msaidizi mmoja alisema hilo liko nje ya hadidu za rejea. Balozi alimjibu kwa upole kwamba kikao chenyewe kiko nje ya nchi zao, kwenye udongo wa nchi ya tatu, na kwamba wanakunywa chai yake. Kanali alitabasamu kwa mara ya kwanza. Kifungu kikaandikwa: onyo linalohusu ardhi ya taifa jingine litapelekwa kwa taifa hilo wakati uleule, si baada yake. Nilipokuwa nakisoma kwa lugha zote mbili ili kihakikiwe, nilijisikia mrefu. Mimi, binti wa mkulima wa Gare, nilikuwa natamka, kwa lugha mbili za wakubwa, sentensi iliyowalazimisha kutukumbuka.

Walitia saini siku ya tano kabla ya chakula cha mchana. Mwishoni Profesa aliomba kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Alitaka iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba mkalimani alisahihisha kosa lake mwenyewe mbele ya kikao, na kwamba bila hilo kusingekuwa na hati. Nikasema mkalimani hawezi kutafsiri sifa zake. Kanali akasema nitafsiri, ni amri. Nikatafsiri, nikiona aibu, na watu saba wakapiga makofi.

Wakiwa njiani kushuka waliniomba niwapitishe kwetu, maana Balozi alikuwa amewasimulia nilikokwenda siku ile ya matope. Niliwafundisha salamu ndani ya gari. Kanali na Profesa, wazee wenye wajukuu, walisimama uani kwa mama yangu, wakainama kidogo wakasema "Shikamoo," kila mmoja na lafudhi yake. Mama akaitikia marahaba bila mshangao wowote, kama vile watu wa namna hiyo hupita kila siku. Akawapa peasi kwenye kikapu. Aliniuliza kwa Kishambaa kama hawa ndio wale waliogombana. Nikamwambia ndio. Akawatazama vizuri, akasema wamekonda kwa mawazo, wale.

Balozi alinionya nisitegemee mengi. Hati nyingi nzuri zinalala kwenye makabati, alisema. Na kweli, miezi ikapita bila neno. Uhusiano wa nchi zile ukazidi kuwa mbaya. Kila nilipofungua redio nilisikia wakitupiana maneno, nikajiambia ile karatasi imeshasahaulika. Mimi nilihofia kukosa kazi, ikawa kinyume. Habari ya kosa langu ilizunguka, kama zinavyozunguka habari zote ambazo ni siri, na ofisi ambazo hazikuwahi kunitafuta zikaanza kuniita. Mtu wa ofisi mojawapo aliniambia wanamtaka yule mkalimani anayesema akikosea.

Ulipita mwaka na kidogo. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, na siku ya soko nilishuka Lushoto kununua mahitaji. Nilikuwa nimesimama mbele ya mama mmoja anayeuza karoti na viazi, akinipimia, na nyuma yake redio ya duka la vifaa ilikuwa inasoma habari za saa saba mchana. Mtangazaji akasema kwamba taifa moja kubwa, na akalitaja, limetoa shukrani kwa hasimu wake kwa taarifa iliyoliwezesha kuwakamata watu waliokuwa wamejiandaa kulipua bomu kwenye mkusanyiko wa sikukuu. Watu hao walikutwa na kila kitu tayari. Msemaji alisema taarifa ilipita kwenye njia ya moja kwa moja ya ofisi za zamu, na kwamba hatua hiyo haibadilishi msimamo wa serikali yake katika masuala mengine yote. Kisha mtangazaji akaenda kwenye bei ya mahindi.

Hakuna aliyegeuka. Watu waliendelea kuchagua nyanya. Ilikuwa habari ya jambo ambalo halikutokea, na habari ya namna hiyo haimsimamishi mtu. Lakini mimi ilinisimamisha. Ile sentensi, "njia ya moja kwa moja ya ofisi za zamu," ilikuwa yetu. Niliijua kwa lugha tatu. Tulibishana juu yake asubuhi nzima, Kanali akitaka neno moja na Profesa jingine, ukungu ukiwa mlangoni. Machozi yalinitoka hapohapo, mfuko ukiwa wazi mikononi.

Mama wa karoti aliacha kupima. "Pole, dada. Umepata msiba?"

"Hapana," nilimwambia. "Kuna watu wengi wamepona."

"Ndugu zako?"

"Siwajui hata mmoja."

Aliniangalia, kisha akacheka, na mimi nikacheka naye, na akaniongezea viazi viwili juu ya mizani. Simu ikaanza kulia kwenye mkoba. Ilikuwa ya Balozi. Nilipokea nikamwamkia, naye, mzee yule mwenye adabu kuliko watu wote ninaowajua, alisahau kabisa kuitikia.

"Umesikia?" alisema. "Safari hii limefika."